Sanduku la mwanafunzi aendaye ng'ambo: Kipi cha kubeba, kipi cha kuacha?

KILA ifikapo Agosti na Septemba, kioja kimoja hujirudia mbele ya mizani za mashirika ya ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi. Kijana anayekwenda kusoma ng'ambo huweka sanduku lake juu ya mizani, nambari zikapanda hadi kilo 30 na ushei, naye mhudumu akatikisa kichwa. Papo hapo sanduku hulazwa sakafuni na kufunguliwa hadharani. Mama huondoa pakiti za unga, shangazi hutoa sufuria, baba hutazama saa, huku msafiri mwenyewe akisimama kando kana kwamba mali inayopakuliwa si yake.

Na kwa kweli, mara nyingi si yake. Sanduku la mwanafunzi wa Kenya aghalabu hufungwa na ukoo mzima. Jamaa waliochanga katika harambee ya nauli huja siku ya kuagana wakiwa na zawadi mikononi: huyu blanketi, yule kopo la samli, mwingine bahasha ya kumfikishia binamu yake aliyeko huko. Kukataa ni kuonekana mwenye kiburi kabla hata ya kupanda ndege. Hivyo kila kitu huingizwa, zipu ikavutwa kwa nguvu, na swali la kimsingi likasahaulika: je, mwanafunzi huyu atahitaji nini hasa katika juma lake la kwanza ugenini, na ni nani atakayejibu maswali sanduku hilo litakapofunguliwa na afisa wa forodha?

Mintarafu ya swali hilo la pili, jibu ni moja katika kila nchi duniani. Atakayejibu ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye kibandiko cha mzigo.

Mizani haina huruma

Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida sanduku lisilozidi kilo 23. Katika safari za kuelekea Marekani, tikiti nyingi huruhusu masanduku mawili ya kiasi hicho, ilhali nyingine huruhusu moja tu. Tikiti yenyewe ndiyo ya kusomwa, wala si maneno ya rafiki aliyesafiri mwaka uliopita. Sanduku moja likizidi kilo 32, kwa kawaida halipokelewi kabisa hata mwenyewe akiwa tayari kulipa, kwa kuwa uzani huo huhatarisha migongo ya wapakiaji. Vipimo navyo huzingatiwa: urefu, upana na kimo cha sanduku vikijumlishwa, aghalabu havipaswi kuzidi sentimita 158.

Hesabu ni rahisi. Sanduku tupu la kawaida lina uzani wa kilo 3 hadi 5. Pakiti mbili za unga wa mahindi ni kilo 4. Kabla ya shati la kwanza kukunjwa, takriban thuluthi moja ya kilo zilizoruhusiwa inaweza kuwa imekwisha. Vitabu vya shule ya upili, mashuka mazito, mto wa kulalia na sahani ni mizigo mingine inayokula nafasi bila sababu, kwani vitabu vya chuo hupatikana katika maktaba na vyombo vya ndani huuzwa katika kila mji wenye chuo.

Aidha, anayetua Marekani na kuunganisha ndege nyingine ya ndani ya nchi hiyo hulazimika, kwa kawaida, kuchukua masanduku yake katika uwanja wa kwanza anaotua, kuyapitisha kwa maafisa wa forodha, kisha kuyakabidhi upya. Ndivyo ilivyo kwa wanaotumia ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja hadi New York, safari iliyoanzishwa Oktoba 2018, kisha wakaendelea hadi majimbo mengine. Iwapo tikiti ya safari hiyo ya pili ilinunuliwa kando, kanuni za uzani hubadilika na ada ya mzigo hutozwa upya.

Stakabadhi ndizo mwanzo

Wanafunzi 81 walioondoka Nairobi Septemba 1959 kuelekea Marekani, chini ya mpango uliosimamiwa na Tom Mboya, hawakuwa na rununu wala mtandao wa intaneti. Aliyesahau kitu nyumbani aliandika barua na kungoja. Leo hii mengi yanayosahauliwa hununuliwa siku ya pili, isipokuwa stakabadhi. Hizo ndizo za kukusanywa kwanza, na mahali pake ni begi la mkononi, kamwe si sanduku linalopelekwa chini ya ndege. Sanduku hilo laweza kuchelewa siku mbili, nalo dirisha la afisa wa uhamiaji halingoji.

Kwa anayekwenda Marekani kwa viza ya wanafunzi ya F-1, stakabadhi kuu ni pasipoti yenye viza hiyo pamoja na fomu ya I-20 inayotolewa na chuo. Afisa wa mpakani hutaka kuiona fomu hiyo, na mwanafunzi akiwa ameifungia sandukuni hana la kumwonyesha. Ni vyema pia kujua kwamba mwanafunzi mpya haruhusiwi kuingia nchini humo zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo iliyoandikwa kwenye fomu hiyo.

Uingereza nayo imeacha kutoa kadi za ukaazi walizozoea wanafunzi wa miaka iliyopita na kugeukia viza ya kielektroniki, ambayo mwenyewe huifikia kupitia akaunti ya mtandaoni. Mkenya anayekwenda huko kwa zaidi ya miezi 6 huhitaji pia cheti cha kupimwa kifua kikuu anapoomba viza, nacho ni cha kutunzwa pamoja na pasipoti. Anayeelekea India, ambako Wakenya wengi wamesomea kwa miongo kadhaa, ni sharti awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hudungwa angalau siku 10 kabla ya kufika, na tangu Julai 2016 cheti chake hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenyewe.

Katika bahasha hiyohiyo huwekwa barua ya chuo, ushahidi wa ufadhili au malipo ya karo, cheti cha KCSE, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na anwani ya bweni iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, kwa kuwa simu huishiwa na chaji. Jambo moja husahauliwa sana: kadi ya kliniki ya utotoni. Vyuo vingi vya Marekani humtaka mwanafunzi athibitishe kuwa amechanjwa dhidi ya ukambi, na kadi ile iliyochakaa ambayo mama ameihifadhi kabatini yaweza kumwepushia mwanawe gharama ya kudungwa upya.

Nakala za stakabadhi zote zinapaswa kubaki mahali pawili: kwa mzazi nyumbani, na katika barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe.

Chakula chenye hatari na kisicho na hatari

Hapa ndipo mapenzi ya jamaa na sheria za ugenini hugongana zaidi. Nyirinyiri kutoka Isiolo, mursik kutoka Bonde la Ufa, nyama ya kukaushwa, samli na mayai ya kuchemsha ni vitu vinavyopakiwa kwa moyo mweupe. Hata hivyo, Uingereza huwakataza wasafiri wanaotoka Kenya kuingiza nyama na maziwa ya aina yoyote, nayo Marekani huzuia nyama na maziwa kutoka mataifa yenye maradhi hatari ya mifugo, Kenya ikiwemo.

Makatazo hayo si dharau kwa mapishi ya Kiafrika. Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo huweza kusalia hai katika nyama na maziwa, kisha vikafikia mifugo kupitia mabaki ya chakula. Ugonjwa huo ulipozuka nchini Uingereza mwaka 2001, zaidi ya mifugo milioni 6 ilichinjwa ili kuuzima. Mkulima wa huko huikumbuka hasara hiyo hadi leo, na afisa wa forodha hufanya kazi kwa niaba yake.

Matunda mabichi nayo yana mdudu wake. Nzi wa matunda hutaga mayai ndani ya embe bila dalili kuonekana nje, na ni mdudu huyohuyo aliyeilazimu Kenya yenyewe kusitisha uuzaji wa maembe katika soko la Ulaya kwa miaka kadhaa kuanzia 2014. Embe la Makueni liliwe nyumbani.

Kwa upande mwingine, majani chai, kahawa iliyokaangwa, viungo vya pilau vilivyosagwa, unga uliomo katika pakiti yake ya dukani na samaki waliokauka kama vile omena kwa kawaida hupita. Masharti ni mawili. Kwanza, kila kitu kiwe katika pakiti iliyofungwa kiwandani yenye maandishi yanayotaja kilichomo, kwa kuwa unga mweupe uliofungwa kwenye karatasi ya nailoni bila jina huzua maswali marefu. Pili, msafiri akiulizwa kama amebeba chakula, ajibu ndiyo. Anayetaja alichobeba, hata kikiwa kimekatazwa, kwa kawaida hunyang'anywa tu na kuruhusiwa kuendelea. Anayeficha ndiye hutozwa faini, na jina lake huweza kubaki katika kumbukumbu za maafisa kwa safari zijazo.

Miraa na muguka ni suala jingine kabisa. Hadi katikati ya mwaka 2014, miraa kutoka Meru iliuzwa waziwazi jijini London. Mnamo Juni mwaka huo, Uingereza iliiorodhesha kuwa dawa ya kulevya. Marekani nako, kiini chake kiitwacho kathinoni kimepigwa marufuku vikali. Kifurushi kinachouzwa kando ya barabara nchini Kenya bila hofu huweza kuzima ndoto ya masomo siku ya kwanza.

Nguo za baridi ambayo haijafika

Wazazi wengi huogopa baridi kuliko kitu kingine chochote, na hofu hiyo ina msingi. Mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota lenye wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki, usiku wa Januari kipimajoto hushuka kwa wastani hadi nyuzi 13 chini ya sifuri. Mkaazi wa Limuru au Nyahururu ajidhaniaye mzoefu wa baridi hajapata kukutana na hali hiyo.

Lakini kalenda ni ya kuangaliwa. Muhula wa kwanza Marekani huanza mwishoni mwa Agosti, wakati wa joto, nao wa Uingereza huanza Septemba au Oktoba, ambapo sweta na koti jepesi la mvua hutosha. Mwanafunzi anayejaza nusu ya sanduku kwa makoti mazito hubeba mavazi asiyoyahitaji kwa miezi miwili au mitatu, na kuacha nguo anazozihitaji kesho yake. Isitoshe, koti zito linalouzwa Gikomba au Toi huwa limetoka hukohuko anakokwenda. Badala ya kulirudisha kwao kwa gharama ya kilo 2, ni heri pesa za kununulia koti ziwekwe kando, ashauriwe na wenyeji, kisha anunue linalofaa mji ule.

Siri ya kujikinga na baridi si unene wa vazi moja bali ni tabaka kadhaa. Hewa inayonaswa kati ya fulana ya ndani, sweta na koti ndiyo hulinda joto la mwili. Kwa hivyo sweta mbili nyepesi hufaa kuliko blanketi. Nguo za ndani na soksi za siku 10, viatu viwili imara, suti au vazi moja la heshima na vazi la Kiafrika la siku za sherehe hutosha kuanzia. Leso mbili hazina uzani mkubwa na zina kazi nyingi: shuka, taulo, pazia na kitambaa cha kufungia vitu visivunjike. Wasichana wanaokwenda miji midogo hufanya vyema kubeba nywele za kusukia na mafuta waliyozoea, kwa kuwa huenda vitu hivyo visipatikane karibu, au viwe ghali mno.

Wahenga walinena kwamba usisafirie nyota ya mwenzio. Orodha ya vitu iliyoandikwa na mwanafunzi aliyeko Texas haimfai anayekwenda Minnesota, wala ya aliyeko Glasgow haimfai anayekwenda Bangalore.

Umeme, dawa na laini ya simu

Nchini Kenya umeme wa majumbani ni wa volti 240, na plagi ni ya miguu mitatu ya pembe nne. Uingereza hutumia plagi iyo hiyo. Marekani hutumia volti 120 na plagi ya miguu bapa. Chaja za rununu na vipakatalishi zilizoandikwa 100-240V hufanya kazi kote, ila huhitaji kiunganishi cha plagi. Pasi, koili ya kuchemshia maji na mashine ya kukausha nywele zilizonunuliwa Nairobi hazitafanya kazi ipasavyo Marekani na zinafaa kuachwa. Betri ya akiba ya kuchajia simu hubebwa mkononi na kamwe haiwekwi katika sanduku la chini, kwa sababu betri za lithiamu huweza kushika moto mahali pasipo na wa kuuzima.

Vimiminika vilivyomo katika begi la mkononi bado huwekewa kikomo cha mililita 100 kwa kila chupa katika viwanja vingi. Kanuni hiyo ilizuka baada ya njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji kugunduliwa Uingereza mnamo Agosti 2006. Chupa kubwa za mafuta na shampuu ziingie katika sanduku kubwa, zikiwa zimefungwa mara mbili.

Dawa za hospitali zibaki katika pakiti zake asilia, zikiandamana na barua ya daktari inayotaja jina la mgonjwa, jina halisi la dawa na kipimo chake. Dawa za maumivu na za kikohozi zenye kodeini hudhibitiwa vikali katika mataifa kadhaa, yakiwemo ya Ghuba ambako wengi hubadilishia ndege. Anayevaa miwani abebe ya pili pamoja na maandishi ya vipimo vya macho.

Laini ya simu ya Kenya nayo isiachiwe ndugu. Benki, M-Pesa na huduma nyingi za serikali hutuma nambari za siri kwa laini hiyo, na hata akaunti ya viza ya Uingereza huenda ilisajiliwa kwayo. Mwanafunzi ahakikishe kabla ya kuondoka kwamba itapokea ujumbe akiwa nje. Kuhusu fedha taslimu, kiasi kidogo cha kutosha juma moja au mawili chatosha, kikiwa katika noti ndogondogo. Anayebeba zaidi ya dola 10,000 hulazimika kutoa taarifa anapotoka Kenya na tena anapoingia Marekani.

'Ni kabahasha kadogo tu'

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema methali. Huonekana mwepesi kwa asiyeubeba. Jioni ya kuondoka, au hata katika foleni ya uwanjani, mtu hujitokeza na kabahasha kadogo tu, viatu vya mtoto, au kopo la njugu la kumpelekea ndugu atakayekuja kulichukua. Mara nyingi ni viatu kweli. Lakini msafiri hana njia ya kujua kilichoshonewa ndani ya soli.

Mnamo Machi 2025, mahakama ya jiji la Ho Chi Minh nchini Vietnam ilimhukumu kifo Mkenya aliyenaswa mwaka 2023 akiwa na takriban kilo 2 za kokeini katika sanduku lake. Alijitetea kwamba alipewa sanduku hilo alifikishe na kwamba hakujua kilichokuwa ndani. Utetezi huo haukumwokoa. China na Singapore pia zina adhabu ya kifo kwa makosa ya kulangua dawa za kulevya, na katika nchi zisizo na adhabu hiyo, kifungo huwa cha miaka mingi.

Ndiyo maana wahudumu wa ndege huuliza swali linaloonekana la kipuuzi: je, ulifunga sanduku hili mwenyewe? Mwanafunzi anapaswa kuweza kujibu ndiyo bila kusitasita. Njia ya heshima ya kukataa ipo, nayo ni ya mzazi kuisema mapema, siku ya kuagana, mbele ya watu wote: kijana wetu hatabeba kifurushi cha mtu yeyote, hata cha mjomba. Neno hilo likitoka kwa mkubwa, mdogo haonekani mwenye kiburi. Kwa zawadi za jamaa, mkeka utandikwe, vyote viwekwe wazi, naye msafiri achague mwenyewe. Vinavyobaki havipotei, na mwenye kutaka kusaidia zaidi anaweza kuchangia pesa za lile koti.

Baada ya hapo, yafaa sanduku lifungwe siku mbili kabla ya safari, lipimwe kwenye mizani ya jirani au ya duka la nafaka, na lipunguzwe hadi kilo 21 au 22, kwa kuwa mizani hutofautiana. Orodha ya vilivyomo iandikwe na nakala yake ibaki nyumbani.

Jaribio la mwisho halihitaji mizani. Mwanafunzi alibebe sanduku lake mwenyewe, pamoja na begi la mkononi, kutoka chumbani hadi barabarani, bila msaada wa yeyote. Usiku atakaofika ugenini, pengine lifti ya bweni ikiwa imeharibika, hapatakuwa na shangazi wala mjomba wa kushika upande wa pili. Akishindwa kulifikisha langoni akiwa nyumbani, basi bado kuna kitu ndani ambacho si chake.